Ladha ya zilipendwa haijapotea: namna ya kurekodi dansi kwa kompyuta bila kuliua

Malalamiko kwamba muziki wa siku hizi hauna ladha kama wa zamani yana ukweli ndani yake, ila lawama inaelekezwa pasipo. Si kwamba vijana hawajui kupiga, wala kosa si la kompyuta. Ladha inatolewa studio kwa mikono yetu wenyewe, kidogo kidogo, na karibu kila hatua ya kuitoa ina kitufe chake. Anayevijua vitufe hivyo anaweza kuvikwepa hata akiwa na laptop moja na chumba cha kupanga Sinza au Tandika.

Fikiria rekodi ambazo Radio Tanzania Dar es Salaam ilizifanya na bendi kama NUTA Jazz, iliyoanzishwa 1964 na ambayo leo tunaijua kama Msondo Ngoma, au DDC Mlimani Park iliyoanza 1978. Bendi iliingia studio nzima nzima, ikapiga wimbo mwanzo hadi mwisho, kila mtu akimsikia mwenzake. Mpiga tumba akiongeza nguvu, mpiga besi alijua papo hapo. Mwimbaji akivuta neno, gitaa la rithimu lilimsubiri. Ladha tunayoitafuta ni hayo masikilizano. Mikwaruzo ya kaseti haina ladha yoyote, na vyombo vya kizamani pekee havitakuletea.

Mwongozo huu ni kwa prodyuza au bendi ndogo inayotaka kurekodi wimbo mpya wa dansi usikike kama watu wanapiga pamoja.

Pima kwanza

Chukua wimbo wa Mlimani Park au Orchestra Maquis wa miaka ya 1980, uingize kwenye programu yako ya kurekodia, kisha hesabu mapigo kwa sekunde 30 mahali patatu: waimbaji wanapoanza, katikati ya beti, na dakika moja baada ya chemko (sehemu ya pili, ya kuchangamka) kuanza. Zidisha kila hesabu kwa 2 upate mapigo kwa dakika. Mara nyingi utapata namba tatu tofauti. Wimbo unatembea. Kisha weka alama mwanzoni mwa kila bari (fungu la mapigo manne) kwa bari 32 uone mwendo unapanda wapi. Ukiangalia vizuri utaona kupanda huko hakutokei ovyo: mara nyingi kunaanzia kwenye tumba na hayati (hi-hat, yale matoazi mawili) za drams, na wengine wanafuata ndani ya bari moja au mbili.

Tahadhari moja kabla ya kuamini vipimo. Nakala nyingi za mtandaoni zimetoka kwenye kaseti, na kaseti zilizunguka kwa kasi zisizolingana. Mkanda ukizunguka haraka kwa asilimia 6, wimbo wote unapanda takriban nusu toni na mwendo nao unaongezeka kwa kiasi hicho hicho. Piga noti ya wimbo huo kwenye gitaa lililopigwa tuni kwa A ya hezi 440. Kama wimbo mzima umekaa juu au chini kwa kiasi kimoja, huenda ni mkanda, huenda bendi yenyewe ilijipigia tuni yake. Vyovyote iwavyo, usinakili namba. Kinachofaa kunakiliwa ni tofauti kati ya sehemu moja na nyingine.

Upe wimbo nafasi ya chemko

Wimbo wa dansi una sehemu mbili. Ya kwanza ni ya kuimba, taratibu, na hadithi inasimuliwa hapo. Ya pili ni chemko: magitaa yanachachamaa, tarumbeta na saksafoni zinajibu, waimbaji wanabaki na viitikio vifupi. Wimbo wa dakika 2 na nusu hauna pa kuliweka chemko, ndiyo maana nyimbo nyingi zinazojaribu kuiga zilipendwa zinasikika kama utangulizi usiofika popote.

Panga dakika 6 hadi 7. Beti na kiitikio zichukue dakika 3, chemko lipate zilizobaki. Redio ikitaka fupi, rekodi wimbo mzima kwanza kisha kata mwisho. Ukianza kwa kutunga kifupi, wapigaji wanakuwa na haraka tangu noti ya kwanza, na haraka hiyo haifutiki kwenye miksi.

Magitaa

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo wengi wanakosea. Dansi la Dar linasimama juu ya mazungumzo ya magitaa matatu: solo, sekondi solo na rithimu, besi ikiwa chini yao. Prodyuza wa leo huweka gitaa moja linalopiga kodi nzima kwa kufululiza, kisha solo juu yake. Kodi nzima inajaza kila mwanya, na mwanya ukishajaa hakuna wa kujibu.

Fanya hivi. Chukua mzunguko mwepesi wa bari 4, kwa mfano C, F, C, G. Kila bari igawe vipande 16. Rithimu icheze noti moja moja za kodi, nyuzi za kati, kati ya freti ya 3 na ya 5, na iguse vipande vya 1, 4, 7, 9, 12 na 15. Sekondi solo ikae juu kidogo, freti ya 5 hadi ya 9, iguse 3, 6, 8, 11, 14 na 16. Vipande vya 2, 5, 10 na 13 viwe kimya kwa magitaa yote mawili. Pigeni hivyo taratibu kwa dakika tano bila drams. Mwanzoni mtasikia watu wawili wanaopokezana. Baada ya muda mtasikia gitaa moja lenye mikono minne, na hapo ndipo pa kuanza kuongeza solo, kuanzia freti ya 8 kwenda juu.

Namba hizo ni za mazoezi tu. Kanuni inayodumu ni kwamba sekondi solo inaanzia pale rithimu iliponyamaza. Wapigaji wawili wakigongana kwenye kipande kimoja zaidi ya mara mbili ndani ya bari, mmoja apunguze.

Besi nayo ipewe nafasi. Mpigo wa rumba uliotufikia kutoka Cuba, kwa njia ya sahani za santuri za mfululizo wa GV na bendi zilizoziiga, haukai juu ya kila mguu (pigo kuu). Jaribu besi kwenye 1, 7 na 13, huku vijiti vikishika klave (mdundo mfupi unaojirudia) ya 1, 4, 7, 11 na 13. Sikia jinsi besi na klave zinavyokutana kwenye 1, 7 na 13 na kuachana kwenye 4 na 11. Mpiga besi anayejaza 5 na 9 kwa sababu anaogopa ukimya ndiye anayeufanya wimbo uwe mzito.

Kama mpiga gitaa ni mmoja, rekodi rithimu kwanza kwa urefu wote wa wimbo, akisikiliza tumba. Usirekodi bari 4 ukazirudia kwa kunakili. Bari ya 60 ikipigwa na mkono uliochoka kidogo haifanani na ya 4, na tofauti hiyo unaihitaji. Kisha arekodi sekondi solo akisikia rithimu na tumba pekee. Abadilishe pikapu: ya shingoni kwa rithimu, ya kwenye daraja kwa sekondi. Sauti iwe safi, bila disto, rivabu kidogo. Nyuzi nyembamba za saizi ya 9 au 10 zinatosha. Unyevu wa pwani unazila nyuzi haraka, basi zifute kwa kitambaa kikavu kila unapomaliza, na hakikisha tuni kabla ya kila teki (kila mara mnaporekodi), kwa sababu chumba kikipata joto gitaa linashuka.

Mapigo na kliki

Kliki (mlio wa kompyuta unaohesabu mapigo) ndiyo kitufe cha kwanza kinachoua. Inamfanya kila mpigaji amsikilize mtu wa tatu ambaye hamsikilizi yeyote. Kama mnaweza, hesabuni bari mbili kwa vijiti kisha muanze bila kliki. Kama wapigaji watarekodi siku tofauti, mpiga tumba arekodi peke yake kwanza, huku mtu akimwimbia taratibu pembeni, na tumba hiyo iwe ndiyo saa ya wimbo.

Kama lazima programu iongoze, chora ramani ya mwendo. Anza na 104, panda polepole hadi 108 mwishoni mwa beti, kisha ingia chemko kwa 124 na umalizie karibu 130. Kupanda kutoka 108 hadi 124 kusitokee kwa mstari mmoja wima. Kueneze ndani ya bari 2, na drams zipige rolu inayovuta watu kuingia.

Ukipanga drams kwa kompyuta, mambo matatu yanaharibu zaidi. La kwanza ni kusawazisha kila pigo kwenye gridi (mistari ya mapigo ya programu) kwa asilimia 100. Weka asilimia 40 hadi 60, na tumba usiisawazishe kabisa. La pili ni nguvu za mapigo. Kipimo cha MIDI kinakwenda hadi 127, na biti nyingi zina hayati zote kwenye 100. Weka mapigo ya miguu kati ya 95 na 110, ya katikati kati ya 45 na 70, na yale ya kunong'ona kwenye sneya kati ya 20 na 35.

La tatu linahitaji maelezo zaidi. Programu nyingi zina kitufe cha kuyatawanya mapigo kwa bahati nasibu ili "yasikike kama ya mtu". Hakisaidii. Mpigaji mzuri hakosei ovyo, anaegemea upande mmoja kwa makusudi na kwa uthabiti. Kwa mwendo wa 120, kipande kimoja kati ya 16 kina milisekunde 125. Sogeza tumba yote iwahi gridi kwa milisekunde 5 hadi 10 na rimu ya sneya ichelewe kwa 8 hadi 12, kisha acha besi ilale pamoja na sneya. Ziache hivyo wimbo mzima. Sasa kuna mmoja anayevuta na mwingine anayezuia, na mvutano huo ndio unaotikisa mabega. Zikizidi milisekunde 20 watu wanasikia kosa. Swingi nayo (kuchelewesha kipande cha pili cha kila jozi) iwe kati ya asilimia 52 na 56. Ikipita 58 wimbo unachechemea.

Anayedhani hisia ni mali ya wazee asikilize singeli. Inakwenda kwa zaidi ya mapigo 200 kwa dakika, imetoka kwenye mitaa hii hii ya Dar, ikirithi mchiriku na vinanda vyake vidogo vya Casio, na inapigwa kwa lupu kavu. Bado inawaka, kwa sababu MC yuko pale anajibizana na biti na umati. Masikilizano ni yale yale, vyombo ndivyo vimebadilika.

Chumba na maiki

Kaeni kwa umbo la kiatu cha farasi, kila mtu aone mikono ya mpiga tumba. Chumba cha mita 4 kwa 5 kinatosha watu saba. Trei za mayai ukutani hazizuii sauti kutoka wala hazipunguzi besi inayovuma. Zinakula tu sauti za juu na kukuachia matope. Simamisha magodoro ya sponji kwenye kona, tundika mapazia mazito au mablanketi kwenye ukuta unaotazamana na drams, tandika zulia au mikeka chini.

Zima feni na kiyoyozi wakati wa teki, mviwashe tena baada ya kila wimbo. Pangeni ratiba mkijua nyakati za adhana za msikiti wa jirani, na mkitaka utulivu wa bodaboda ni baada ya saa nne usiku. Chini ya bati, mvua ikianza, pumzikeni. Laptop iwe na chaji kamili, maana umeme ukikatika katikati ya chemko zuri hakuna anayelirudia vile vile. Mvumo wa hezi 50 kwenye magitaa mara nyingi unatokana na amplifaya na kadi ya sauti kuchomekwa soketi tofauti. Ziweke kwenye ekstensheni moja yenye waya wa ardhi.

Ukiwa na kadi ya tundu 8: maiki ya gitaa sentimita 5 hadi 10 kutoka kitambaa cha spika, ikielekea ukingo wa koni na si katikati, tumba sentimita 20 hadi 30 juu ya ngozi, tarumbeta na saksafoni maiki moja kwa umbali wa sentimita 60. Sauti ya chombo kimoja itaingia kwenye maiki ya mwingine, na hilo si baya. Sauti husafiri mita 3 kwa takriban milisekunde 9, na ucheleweshaji huo mdogo ndio unaomwambia msikilizaji kwamba watu hawa wako chumba kimoja. Tatizo linakuja pale maiki mbili zinaposikia chombo kimoja kwa nguvu sawa: sauti inakuwa nyembamba, kama iko ndani ya bomba. Hakikisha umbali kati ya maiki mbili ni angalau mara tatu ya umbali wa kila maiki na chombo chake. Ikibaki nyembamba, geuza polariti ya maiki moja usikie ipi inarudisha besi.

Ukiwa na tundu 2 tu usikate tamaa, kwa sababu njia hii inafundisha zaidi. Weka maiki mbili zinazofanana kwenye stendi moja, zikiachana sentimita 17 na zikitazama nje kwa pembe ya digrii 110, mtindo uliotokana na redio ya Ufaransa. Kimo kiwe mita 1.5. Waimbaji wasimame mbele yake kwa sentimita 70, wamegeuka kidogo ili waione tumba. Tumba iwe mita 2, amplifaya za magitaa mita 1.8 kushoto na kulia, besi mita 2.5, tarumbeta na drams mwisho kabisa wa chumba. Rekodi sekunde 30, sikilizeni wote kwa spika. Tumba ikifunika sauti, usiguse kompyuta, msogeze mpigaji nyuma nusu mita. Umbali ukiongezeka mara mbili, sauti inayofika moja kwa moja hupungua kwa takriban desibeli 6, kwa hiyo hatua moja ya mguu ni badiliko kubwa. Sogezaneni mara tano au sita hadi kila chombo kisikike. Miksi imeisha kabla ya kurekodi, na wapigaji wameshajua nani yuko juu na nani yuko chini.

Pigeni teki tatu nzima. Chagua moja, usizishone vipande vipande. Kosa dogo la gitaa ndani ya teki yenye moto liache.

Sauti za waimbaji

Waimbaji wa dansi Muhiddin Maalim Gurumo na Hassan Rehani Bitchuka wanatofautishwa na msikilizaji ndani ya neno moja, kwa sababu kwenye rekodi zao kila mmoja ana namna yake ya kuifikia noti. Otochuni (programu inayonyoosha noti) ikiwekwa kwa kasi ya juu inaifuta njia hiyo, inabaki noti tupu. Kama noti moja imeharibika kweli, rekebisha hiyo peke yake, kasi ya kurekebisha iwe milisekunde 80 au zaidi.

Kiitikio kiimbwe na watu watatu kwenye maiki moja: mwenye sauti kuu sentimita 20, wengine wawili sentimita 50. Wakivuta pumzi pamoja, acha pumzi hiyo isikike. Usinakili kiitikio cha kwanza ukakibandika kwenye cha tatu. Kufikia hapo hadithi imeshasonga na sauti inatakiwa kuwa imeshabeba uzito wake. Mtunzi naye aangalie mkazo: silabi ya pili kutoka mwisho wa neno ikae kwenye noti ndefu au kwenye mguu. Ukibanwa na biti ukaihamisha, neno linasikika kama la mgeni.

Miksi na mastaringi

Hapa fanya machache. Kompresa kwenye miksi nzima iwe 2 kwa 1, ikishika baada ya milisekunde 30 na kuachia ndani ya 120, na isibane zaidi ya desibeli 3. Kata chini ya hezi 40. Rivabu moja ya sekunde 1.5 itumiwe na wote. Kila chombo kikiwa na rivabu yake, unarudi kwenye watu waliorekodiwa vyumba tofauti. Usiongeze mikwaruzo wala mvumo wa tepu.

Ukubwa wa sauti uwe karibu na LUFS hasi 14, kilele kisizidi desibeli hasi 1. Spotify inashusha yenyewe nyimbo zilizopita hapo, kwa hiyo ukiubana wimbo hadi hasi 7 hupati kelele zaidi, unapoteza tu tofauti kati ya beti na chemko. Tofauti hiyo ndiyo inayowanyanyua watu kwenye viti.

Kama unatamani kutumia kipande cha rekodi ya zamani yenyewe, tafuta kibali cha wenye haki na uulize COSOTA (ofisi ya hakimiliki ya Tanzania) kwanza. Kupiga upya kwa watu wako kunakupa sauti safi na kunawafundisha mengi, lakini nako kunahitaji kibali cha mtunzi.

Kabla ya kutoa wimbo, zima drams, besi na sauti zote, ubaki na rithimu na sekondi solo katikati ya chemko. Ziache zicheze dakika moja kwa sauti ndogo, mbele ya mtu ambaye hajausikia wimbo. Kama mguu wake hautikisiki, hakuna plagini itakayokusaidia. Rudi kwenye vile vipande 16, tafuta mahali magitaa mawili yanapogongana, mtoe mmoja, mrekodi tena.